Mbwa wa Tarehe Tisa

Jumatatu, tarehe 9

Naanza shajara hii kwenye daftari la zamani la mapokezi, ambalo halina mwenyewe. Juu ya ukurasa nimegonga muhuri wa ofisi ili tarehe iwe rasmi. Siku nikiwa mtu mkubwa, watu watataka ushahidi.

Hali ya leo: nimechoka. Kiti changu kina miguu mitatu na nusu. Ofisi yangu ni Kitengo cha Mbwa Waliopotea na Wanaozurura, ghorofa ya chini, nyuma kabisa, ukishapita choo na stoo ya mafagio. Dirisha ni moja na linatazama ukuta. Uani kuna vizimba sita. Miaka kumi na tisa ya utumishi, na hapa ndipo nilipofika!

Lakini kuna habari njema. Ghorofani imetangazwa nafasi ya karani mwandamizi wa leseni. Meza yake iko dirishani, dirisha linatazama barabara, na juu ya meza kuna feni. Feni inayozunguka! Usaili ni Ijumaa hii, tarehe 13. Tumeomba wawili tu, mimi na Bwana Tai.

Bwana Tai ni karani wa leseni ndogo. Huvaa tai hata siku ambayo kuta zinatoka jasho, ndiyo maana jengo zima linamwita hivyo. Hugonga muhuri bila kuutazama, macho kwa mteja, mkono unajiendea wenyewe. Watu humsifu sana. Mimi naona ni maringo matupu.

Mkuu wa Idara amesema atakagua kazi ya kila mmoja wetu. Kwangu anataka vizimba vitupu na daftari safi. Vizimba vitano ni vitupu. Cha sita kina Namba Kumi na Moja.

Kahawia. Mzee. Sikio moja limekunjika kama kona ya ukurasa. Aliokotwa sokoni tarehe 4. Utaratibu ni kwamba mbwa akitimiza siku saba bila kudaiwa, Ijumaa inayofuata anakuja daktari wa mifugo na mkoba wake, mbwa anadungwa sindano, na mimi nasaini mstari wa shahidi, nakala nne. Nilisaini moja mwezi wa tatu. Siku mbili sikula. Ilikuwa tumbo tu.

Kesho anatimiza siku saba. Kwa hiyo Ijumaa saa tatu daktari, saa nne usaili, kizimba kitakuwa kitupu, na mimi nitakuwa chini ya feni. Mambo yamejipanga yenyewe. Simpendi mbwa. Nimeandika hapa ili ijulikane.

Jumanne, tarehe 9

Sijakosea. Nitaeleza.

Jengo zima lina muhuri mmoja wa tarehe. Wa pili ulivunjika mpini mwaka juzi na bado uko kwenye orodha ya matengenezo. Kila asubuhi anayefika wa kwanza huzungusha kigurudumu cha tarehe, anagonga karatasi zake, kisha anaupandisha muhuri kwa Bwana Tai, ngazi ishirini na mbili. Anayefika wa kwanza ni mimi siku zote. Si bidii. Mama mkwe hushika bafu la nyumbani kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili, kwa hiyo mimi hunawa uso kwenye bomba la ofisi.

Leo nilikaa na kidole juu ya kigurudumu. Namba Kumi na Moja alikuwa ananitazama kupitia mlango wa uani. Hakulia wala hakutikisa mkia. Alitazama tu, kama mtu aliyepanga foleni muda mrefu na hataki kusumbua mhudumu.

Sikuzungusha. Nasisitiza kwamba sikufanya kitu chochote. Niliacha tu kufanya. Nimejipa siku moja ya ziada ya kumtafutia mwenyewe, ili kizimba kiwe kitupu kwa njia nzuri na Mkuu apendezwe.

Mpango wa kwanza ulikuwa Mwalimu Mstaafu. Mama huyu alinifundisha darasa la nne. Kwa kweli alifundisha nusu ya jengo hili, Mkuu mwenyewe akiwemo. Wiki tatu sasa kila siku saa nne kamili anakuja kumuulizia mbwa wake mdogo mweupe aliyepotea. Yeye anatafuta mbwa, mimi nina mbwa. Tofauti ni rangi tu!

Nilichukua kopo la poda la mke wangu nikalimaliza lote. Namba Kumi na Moja alitulia kama mteja kwa kinyozi. Saa nne Mwalimu akafika. Nikamwambia shikamoo, nikamwambia nina habari njema, nikamtoa mbwa.

Mwalimu alivaa miwani. Akamzunguka. Akasema wake ni jike na ana ukubwa wa mkoba, na huyu ni dume mwenye ukubwa wa kabati. Nikamwambia kupotea kunambadilisha mtu. Hapo mbwa akajikung'uta. Poda ilipotulia, yeye alikuwa kahawia na mimi nilikuwa mweupe.

Mwalimu akafuta miwani yake taratibu. Akasema, mwanangu, kazi hii nakupa mbili kwa kumi, moja ya juhudi na moja ya poda.

Nilimuuliza, safari hii bila ujanja, kwa nini asimchukue tu. Akasema pembeni ya mlango wake kuna mahali ambapo wake alikuwa analala. Akirudi akakuta mwingine amelala pale, atamwambia nini? Akaniaga vizuri, akasema kesho saa nne.

Jioni mke wangu aliuliza poda yake iko wapi. Nilijitia hamnazo.

Jumatano, tarehe 9

Hakuna aliyesema neno! Nimegonga barua kumi na mbili, Bwana Tai amegonga leseni sijui ngapi, zote tarehe 9. Tarishi peke yake aliutazama muhuri, akanitazama mimi, akatazama dari, akasema kazi za ofisi zina mambo yake. Akaenda na bahasha zake.

Mtu mwenye akili fupi angeuliza kwa nini nisimchukue mbwa mimi mwenyewe. Sababu ziko mbili. Ya kwanza ni kanuni: mtumishi wa kitengo akichukua mnyama wa kitengo, hiyo ni maslahi binafsi, na hapandishwi cheo kwa miaka miwili. Kwaheri feni. Ya pili ni mama mkwe. Alikuja kwetu kwa wiki mbili kutibiwa goti. Huu ni mwaka wa tatu. Amekwisha kutangaza kwamba mbwa akikanyaga kizingiti cha mwanawe, yeye anafungasha siku hiyohiyo.

Nimeisoma sababu ya pili mara kadhaa. Si mbaya kama nilivyoiandika.

Ijumaa, tarehe 9

Siku ndefu. Mgongo unauma.

Saa tatu daktari wa mifugo alifika na mkoba wake. Alitazama kadi ya mbwa: ameingia tarehe 4. Akatazama muhuri mezani: tarehe 9. Siku sita. Kisha akatazama saa yake ya mkononi, ambayo ina kidirisha cha tarehe. Akaifunika kwa mkono wa shati. Mwishowe akasema saa yake ni mali binafsi na muhuri ni wa serikali, na yeye amebakiza miaka miwili kustaafu. Akafunga mkoba. Akamkuna mbwa kichwani kwa kidole kimoja, akaenda zake.

Ushindi! Nikavaa koti langu la usaili, nikapanda ngazi ishirini na mbili. Bwana Tai alikuwa amekwisha kukaa kwenye benchi, tai mpya, ya mistari. Katibu muhtasi wa Mkuu akatuuliza tumefuata nini. Tukasema usaili. Akafungua faili, akasema usaili ni tarehe 13. Nikasema leo ni Ijumaa. Akasema Ijumaa ndiyo, hakatai, lakini barua zote alizopokea leo ni za tarehe 9, na yeye hawezi kumsumbua Mkuu siku nne kabla ya wakati.

Nilishuka ngazi polepole sana.

Nimejifungia mwenyewe nje. Nikizungusha kigurudumu, tarehe 13 inafika, napata usaili, dirisha na feni. Na daktari anarudi. Nisipozungusha, Namba Kumi na Moja anaendelea kupiga miayo, na mimi naendelea kutazama ukuta. Njia ni moja tu: apatikane mwenyewe kabla ya Jumatatu. Kufa kupona.

Jumamosi

Muhuri uko ofisini, kwa hiyo leo haina tarehe. Nimeomba ufunguo wa uani nikamtoa mbwa kwa kamba ya kuanikia nguo.

Mpango wa pili ulikuwa gereji iliyo nyuma ya mtaa wetu. Fundi mkuu wa pale analalamika kila siku kwamba anaibiwa betri. Nikampelekea mlinzi. Alimtazama akasema anataka mbwa mkali. Nikapiga chuku kidogo. Nikasema huyu ni mpole kwa nje tu, ndani ni moto, kule sokoni alikuwa anatisha wauza nyama. Fundi akasema anataka kuona.

Basi nikamfunga mbwa kwenye tairi, nikatoka nje ya gereji, nikauparamia ukuta kama mwizi. Mpango ulikuwa mbwa anirukie kwa hasira. Nilifika juu ya ukuta nikakaa pale kama nguo iliyoanikwa. Namba Kumi na Moja alifungua jicho moja, akanitambua, akalifunga. Nikamwita chinichini abweke. Akageukia upande wa pili.

Walionishughulikia ni majirani wawili wa gereji ambao hawakuwa wameambiwa. Mmoja alikuwa na fagio la chuma. Mama muuza mkaa alipiga yowe la mwizi kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mtu wa umbo lile. Suruali imechanika kuanzia mfukoni. Fundi alieleza kwamba mimi ni mtumishi wa serikali, jambo ambalo halikusaidia.

Nilirudi na mbwa uani nikichechemea. Mke wangu alipoiona suruali akauliza ni kazi gani hiyo ya Jumamosi. Mama mkwe akajibu kwa niaba yangu, akiwa kwenye kiti changu, kwamba baadhi ya wanaume huanguka hata wakiwa wamekaa. Nikasema ndiyo mama. Huwezi kubishana na mama mkwe.

Jumatatu, tarehe 9

Sikuzungusha. Nilikuwa nimeshakaza moyo, lakini nilipofika, alikuwa amelala na pua yake imepita katikati ya nondo, upande wa mlango wangu. Kesho.

Mkuu alikuwa aanze likizo leo. Alikuja na mkoba wa safari. Katibu muhtasi akamwonyesha fomu: likizo inaanza tarehe 16. Tarehe 16 bado. Mkuu akarudi ofisini kwake akafunga mlango.

Saa nne Mwalimu. Hakuna mbwa mweupe. Alikaa kidogo kwenye benchi akamwambia Namba Kumi na Moja aketi, naye akaketi. Akasema angalau mmoja humu ndani anasikia.

Jumatano, tarehe 18

Yamefika.

Saa tatu asubuhi kinyozi wa barabara ya juu aliingia kwa kishindo ameshika leseni ya muda, ya siku saba. Nyuma yake alikuwa mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, amejifunika kitambaa cha kinyozi. Kinyozi alichukua leseni ile juzi, Jumatatu. Leo wakaguzi wakaingia dukani kwake, wakaisoma, wakamwambia imekwisha tangu tarehe 15. Wakafunga duka mteja akiwa kwenye kiti. Kinyozi aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka stoo ya mafagio ni serikali gani inayouza leseni iliyokwisha.

Mkuu alitoka, fomu ya likizo mkononi. Akatukusanya wote kwenye meza ya Bwana Tai. Akauinua muhuri, akausoma. Akauliza ni nani anayezungusha.

Nikasema sikufanya kitu. Ni kweli tupu.

Bwana Tai, jasho likimtoka, akasema aliona tangu Alhamisi lakini alidhani ni agizo kutoka juu. Katibu muhtasi akasema na yeye alidhani hivyo. Tarishi pia. Mkuu akampigia simu daktari wa mifugo. Daktari alidhani agizo limetoka juu zaidi. Mkuu akakata simu. Yeye ndiye aliye juu. Nadhani na yeye aliona, na yeye pia alidhani.

Kazi ya kuzungusha kigurudumu haijaandikwa mahali popote. Lakini leseni zote mbovu zina saini ya Bwana Tai. Mkuu akamwambia aandike barua ya kujieleza. Kisha akazungusha kigurudumu mwenyewe, kra, kra, kra, mara tisa. Namba Kumi na Moja alizeeka siku tisa katika dakika moja.

Usaili ni Ijumaa saa nne. Daktari, saa tatu.

Mteja wa kinyozi aliuliza kama kuna mtu mwenye mkasi.

Alhamisi, tarehe 19

Watu wananipongeza! Katibu muhtasi amenimiminia chai bila kuombwa. Tarishi ameniita mzee. Mwenye barua ya kujieleza hawezi kupandishwa cheo, kwa hiyo nafasi ni yangu, na ninachotakiwa kufanya ni kusaini mstari mmoja kesho asubuhi. Bwana Tai amepita mbele yangu bila tai. Sikuwahi kuiona shingo yake. Ni nyembamba, ina alama nyekundu. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi. Kidogo.

Sikumwambia Mkuu kwamba kigurudumu ni changu. Niliufungua mdomo mara mbili. Mara zote mbili ulitoka mwayo.

Mchana, wenzangu walipokwenda kula, nilipanda nikakaa kwenye kiti cha dirishani. Nilijaribu feni. Inazunguka, ingawa inalia. Barabara inaonekana yote mpaka kwa muuza magazeti. Ila ukijiinua kidogo unaona na uani pia. Hilo halikuandikwa kwenye tangazo. Mbwa alikuwa amekaa anautazama mlango wangu, akisubiri nitoke, nami nilikuwa juu yake. Hakujua ainue macho.

Nilishuka nikatafuta mtu wa kumchukua. Nilimuuliza muuza magazeti, dereva wa gari la taka, mfagiaji na mke wa mfagiaji. Nilimuuliza kinyozi, akasema wateja wake wameogopa vya kutosha. Nilimvika muuza viatu kilemba cha ukoka kwa nusu saa nzima, nikimsifia duka, watoto na masharubu. Akaniuzia kiwi.

Sina mpango wa tatu. Nimechoka mpaka kwenye nywele.

Ijumaa, tarehe 20

Naandika mambo kama yalivyotokea, bila kutia chumvi.

Saa tatu daktari alifika. Kadi ilisema tarehe 4, muhuri tarehe 20, saa yake ya mkononi tarehe 20. Hakukuwa na la kujadili. Aliweka mkoba mezani kwangu, juu ya daftari hili. Namba Kumi na Moja alikuja mwenyewe, akakaa karibu na kiti changu, upande wa mguu mfupi, na kiti kikatulia. Miezi yote hii nilikuwa nawekea gazeti!

Daktari akanipa fomu kwanza, kwa sababu karatasi hutangulia. Nikapanga kaboni tatu katikati ya nakala nne. Chini ya fomu kuna mistari miwili. Wa juu unasema Mmiliki, ikiwa amepatikana. Wa chini unasema Shahidi. Mimi husaini wa chini.

Niliandika jina langu mstari wa juu.

Mwanga ulikuwa hafifu. Sikulala vizuri. Mistari ile imesogeleana sana, na nimekwisha kuandika malalamiko kuhusu fomu hiyo. Nakala nne, zote mstari wa juu, na kaboni zilikuwa mpya. Mtu yeyote anaweza kukosea mstari.

Daktari aliisoma. Akaniuliza kama ningependa fomu nyingine. Fomu ziko kabatini, kabati zima, mlango haufungi kwa kujaa. Nikamwambia zimekwisha. Akautazama mlango wa kabati, uliokuwa wazi, akasema kweli, zimekwisha. Akafunga mkoba haraka, haraka kuliko nilivyowahi kumwona akifanya jambo lolote.

Saa nne usaili. Ulichukua dakika mbili. Mkuu alikuwa na nakala ya pili mbele yake. Akanisomea kanuni ya maslahi binafsi, miaka miwili. Akauliza kama nina la kuongeza. Nikasema ndiyo, kigurudumu huzungusha mimi, Bwana Tai hahusiki. Kwa kuwa nilikuwa nimeshazama, sikuona sababu ya kubakiza kichwa. Mkuu akaichana barua ya Bwana Tai. Nafasi amepewa yeye.

Bwana Tai alinikuta kwenye ngazi. Hakucheka. Alinishika bega akasema ahsante, kaka, kisha akapanda kwenye feni yangu.

Mwalimu alikuja saa nne na dakika kumi, amechelewa kwa mara ya kwanza. Tarishi alikuwa amempa habari njiani, akarudi nyumbani kuchukua kitu. Ni kamba ya kumwongozea mbwa, ya ngozi, imelainika kwa kushikwa. Akasema wake akirudi nitamrudishia. Nikasema ndiyo Mwalimu. Ni fupi mno kwa mbwa wa ukubwa wa kabati, na mimi hutembea nimeinama. Nilifika nayo nyumbani hivyohivyo, na machozi yalikuwa ya vumbi.

Jumamosi

Bado kulikuwa na faida moja! Jana jioni Namba Kumi na Moja alikanyaga kizingiti, miguu yote minne, mama mkwe akiona. Akainuka, akaingia chumbani, nikasikia zipu ya begi. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Nikamwahidi mke wangu kwamba nitamsindikiza mama mpaka kituoni na kumbebea mzigo wote.

Leo asubuhi zipu ililia tena. Alikuwa anafungua. Ametangaza kwamba baada ya kutafakari hawezi kumwacha binti yake peke yake katika nyumba yenye wanyama wawili. Anakaa. Mbwa amelala mbele ya bafu, kwa hiyo sasa niko wa tatu kwenye foleni.

Jumatano, tarehe 25

Nimejifunza. Nataka iandikwe hivyo. Muhuri ni wa serikali. Tarehe ni ya watu wote. Kizimba ni kizimba. Kuanzia sasa nitakuwa karani tu, na sitatazama mlango wa uani.

Mkuu yuko likizo hatimaye. Kabla ya kuondoka aliacha waraka: kazi ya kuzungusha kigurudumu sasa imeandikwa rasmi, na jina lililoandikwa ni langu. Ndiyo adhabu yenyewe.

Nafasi nyingine imetangazwa, karani wa stoo kuu. Si kupanda cheo, ni kuhama tu, kwa hiyo kanuni hainigusi. Stoo ile ina dirisha! Dogo, lakini lina mti. Usaili ni Ijumaa, tarehe 27, kwa kaimu wa Mkuu. Mwombaji ni mimi peke yangu.

Kizimbani yuko Namba Kumi na Mbili. Jike, mweusi, mbavu zinahesabika, anabwekea mafagio. Aliingia tarehe 20 alasiri. Kesho anatimiza siku saba. Daktari atakuja keshokutwa. Hainihusu.

Ijumaa, tarehe 25

Sikufanya kitu chochote.

Daktari amekuja. Ametazama kadi, ametazama muhuri. Saa ya mkononi hakuwa nayo. Anasema ameiacha nyumbani, na ataendelea kuiacha.

Saa nne nilivaa koti nikapanda ngazi ishirini na mbili kwenda kwenye usaili wa stoo. Katibu muhtasi alifungua faili akasema usaili ni tarehe 27, na tarehe 27 bado. Bwana Tai alikuwa chini ya feni, anagonga leseni. Safari hii alikuwa anautazama muhuri. Aliutazama vizuri, akanitazama mimi, kisha akachukua kalamu akaanza kuandika tarehe za wateja wake kwa mkono, moja baada ya nyingine.

Nimeshuka. Nimevua koti. Mwalimu ameshafika, yuko kwenye benchi, anamfundisha Namba Kumi na Mbili kuketi.

Simpendi mbwa. Nilishaandika.